FEDHA YA SHABA IEZEKE NYUMBA ZETU, LAKINI KWA MASHARTI



Mimi ni karani wa mgodi. Kazi yangu ni kuandika. Kutwa naandika namba za malori, uzito wa mizigo, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Jioni narudi Musonoi katika chumba nilichopanga, na mvua ikinyesha naweka sufuria tatu chini ya paa, moja kando ya kitanda cha watoto, moja juu ya sanduku la nguo, na moja mlangoni. Nimefanya hesabu nyingi tangu walimu wa misioni waliponifundisha kujumlisha, lakini hesabu moja hunishinda kila mwezi wa Januari: mali yote hii inayopita mbele ya meza yangu, imeshindwaje kununua bati moja la nyumba ninayolala?

Msiseme upesi kwamba mwenye nyumba wangu ni mtu mbaya. Mwenye nyumba wangu ni mama mjane. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa mgodi tangu ujana wake, akafa akingali anangoja malipo yake ya mwisho. Alichomwachia mkewe ni nyumba hii ya matofali, iliyogawanywa vyumba vinne vya kupangisha, na yeye mwenyewe hulala katika kile kichumba cha nyuma kilichokuwa jiko. Mwaka jana nilimwendea, nikamwambia: «Mama, paa linavuja.» Akanijibu: «Mwanangu, naliona. Nikilitengeneza, itanibidi nikuongezee kodi. Nisipolitengeneza, utaniona mimi mwovu. Chagua wewe.»

Ndugu zangu, nilinyamaza. Sikuwa na la kujibu. Nikarudi chumbani nikamwaga maji ya sufuria. Lakini maneno ya mama yule hayakuniacha, maana katika maneno hayo mna shida yote ya nyumba za wapangaji katika Kolwezi nzima. Nyumba ikioza, mpangaji anaumia. Nyumba ikitengenezwa, mpangaji anafukuzwa na bei. Na mwenye nyumba mdogo amesimama katikati, hana fedha ya kutengeneza, wala hana moyo wa kufukuza.

Basi leo nimeshika kalamu kusema jambo moja wazi. Serikali ya jimbo na komini zetu zitoe fedha kwa wenye nyumba wadogo, ili waezeke mapaa, wachimbe vyoo, wafungue mifereji na kuziba nyufa. Tena fedha hiyo isitolewe bure kama karamu ya uchaguzi. Itolewe kwa masharti yanayomlinda mpangaji. Bila fedha, masharti ni maneno matupu. Bila masharti, fedha ni wizi. Nitaeleza yote mawili.

NYUMBA HIZI ZIMETOKA WAPI

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya Union Minière. Kampuni ilijenga makambi ya wafanyakazi wake. Siku zile mtu hakupanga nyumba: nyumba ilikuja pamoja na kazi, na kazi ikiisha nyumba ilikwenda pamoja nayo. Kampuni ilijenga kwa sababu ilitaka mtu alale karibu na mgodi, apone upesi akiugua, azae watoto watakaoshika kazi baada yake. Hawakujenga kwa upendo. Mtunzaji wa punda humpa punda banda, si kwa kuwa anampenda, bali kwa kuwa kesho kuna mzigo. Hata hivyo banda lilikuwako, na paa lililopasuka lilikuwa na mtu wa kuulizwa.

Mwaka 1967 Union Minière ilitwaliwa na Serikali, ikawa Gécamines. Mwaka 1986 kampuni hiyo ilitoa tani 476,000 za shaba. Halafu ikaja miaka ya giza. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Shaba ikapungua mwaka hata mwaka, mishahara ikachelewa, ikasahauliwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wazee wetu wengi walitoka na fedha kidogo mkononi na nyumba ya zamani kichwani mwao kama ndiyo pensheni. Nao walifanya kile ambacho mtu mwenye njaa hufanya: waligawa nyumba, chumba hiki cha mpangaji, chumba hiki cha watoto, uani pakasimamishwa vibanda vya mabati kuukuu.

Kisha migodi ikafufuka kwa kampuni za kigeni, na watu wakamiminika Kolwezi kutoka kila upande: wafanyakazi, wachimbaji wa mkono, wachuuzi, madereva. Mwaka 2015 Lualaba ikawa jimbo, Kolwezi ikawa mji mkuu wake. Watu wakaongezeka, nyumba zikabaki zile zile. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja leo inabeba familia nne au tano, na choo kimoja, na bomba moja ambalo siku nyingi halitoi maji. Mawe yakilipuliwa shimoni, kuta zinatetemeka. Vumbi la malori linakaa juu ya chakula. Ndivyo tulivyo, katika nchi ambayo leo ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile peke yake, na inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya ulimwengu.

«NYUMBA NI MALI YA MTU BINAFSI»

Wako mabwana wanaosema: «Nyumba ya kupangisha ni biashara ya mtu. Serikali haiwezi kumpa mfanya biashara fedha ya wananchi. Kama paa lake linavuja, na alitengeneze kwa kodi anayopokea.»

Maneno haya yana sura ya haki, lakini tuyageuze tuone nyuma yake.

Kwanza, Serikali haikai mbali na biashara hiyo wakati wa kupokea. Tangu sheria ya tarehe 10 Februari 1969, mapato ya kupangisha nyumba yanatozwa ushuru, na kwa miaka mingi kiwango kilikuwa asilimia 22. Leo ushuru huo ni mapato ya jimbo. Basi Serikali imeingia chumbani mwangu zamani. Imekaa juu ya kiti, imepokea fungu lake, na maji yanapoanza kudondoka, inasema: «Hapa si kwangu.» Je, ni haki hiyo?

Pili, fedha ninayoitaja siyo tunayowatoa wananchi mfukoni. Sheria ya madini ya mwaka 2018 imesema wazi jinsi mrabaha wa madini unavyogawanywa: asilimia 50 kwa Serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo ambamo mgodi uko, asilimia 15 kwa komini au sekta yenyewe, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyo hiyo imeagiza kila kampuni itenge si chini ya asilimia 0.3 ya jumla ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi kando ya mgodi. Hayo siyo maombi ya karani. Ni sheria ya nchi. Nasi twauliza tu: maendeleo ni nini? Je, sanamu ya njia panda ni maendeleo, na paa la mama mjane si maendeleo? Je, taa za barabara kuu ni maendeleo, na choo cha familia tano si maendeleo?

Tatu, choo kilichojaa si mali ya mtu binafsi. Kikifurika, kipindupindu hakiulizi nani ana hati ya parsele. Ukuta ukianguka, hauchagui kati ya mtoto wa mwenye nyumba na mtoto wa mpangaji. Mwaka huu wakati wa mvua ukuta wa choo chetu uliinama, na wiki nzima tulikaa zamu kuwazuia watoto wasicheze karibu. Haukuanguka juu ya mtu. Mungu alitusaidia. Lakini bajeti ya komini haiwezi kuandikwa juu ya kifungu cha «Mungu alitusaidia».

Nne, hata mkoloni, ambaye hakutupenda, alikubali kwamba nyumba ya mnyonge ni jambo la hazina ya Serikali. Mwaka 1952 aliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, ijengee watu nyumba katika miji mikubwa. Mwaka 1955, baada ya mfalme Baudouin kutembelea Kongo, ukaundwa Mfuko wa Mfalme, kusaidia maskini kupata nyumba. Tunajua alikuwa na hila zake: alitaka Mwafrika atulie, asisikilize siasa. Lakini je, watoto wa nchi waliotwaa viti vyake watufanyie pungufu ya yule aliyetutawala? Aibu hiyo nani ataibeba?

«MNATAKA KUMNENEPESHA MWENYE NYUMBA»

Sasa nageuka upande wa pili, kwa wapangaji wenzangu. Najua mnavyosema, maana nami nimesema hivyo. Mnasema: «Mwenye nyumba anadai garanti ya miezi sita au zaidi, anapandisha kodi apendavyo, anatufungia mlango. Leo karani anataka apewe na fedha ya Serikali juu yake! Akishapewa, ataezeka bati jipya, na siku ya pili ataniambia nimpishe mfanyakazi wa kampuni anayelipa mara mbili.»

Ndugu zangu, hofu hiyo ni ya kweli. Nisiwadanganye. Fedha ikitolewa bila masharti, itatokea hivyo hivyo, kwani imekwisha kutokea mahali pengine.

Tazameni Uingereza. Sheria ya mwaka 1969 iliongeza sana ruzuku ya kutengeneza nyumba kuukuu, ikalegeza masharti juu ya mwenye kupokea. Ikawaje? Katika mitaa ya London kama Islington na Kensington, wenye nyumba walipokea ruzuku, wakawasukuma wapangaji wa siku nyingi watoke, wakauza nyumba zile kwa matajiri. Hazina ikalipa, maskini wakahama. Bunge likaona aibu, na sheria ya mwaka 1974 ikarudisha masharti: mwenye kupokea fedha abaki kupangisha kwa muda, la sivyo airudishe.

Tazameni na karibu nasi zaidi, Nairobi. Mwaka 1975 mradi wa Dandora ulianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu wa kipato kidogo waligawiwa viwanja kama 6,000 vyenye maji na vyoo, wakapewa na mikopo ya kujenga. Iliruhusiwa kupangisha vyumba ili mwenye kiwanja apate kulipa deni lake. Wazo lilikuwa zuri. Lakini hakuna aliyeilinda kodi wala ukubwa wa jengo miaka ilipopita. Leo juu ya viwanja vingi yamesimama maghorofa ya chumba kimoja kimoja, giza juu ya giza, na wengi wa waliokusudiwa tangu mwanzo wameuza na kuondoka.

Je, basi tuwanyang'anye wenye nyumba tuimalize shida? Tanzania ilijaribu. Mwaka 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuzidi. Ilikuwa na sababu zake, na wengi walishangilia. Lakini kodi ilishikwa chini na matengenezo yakakosa fedha, majengo mengi yakachakaa mikononi mwa msajili wa majumba. Paa halijui kama mwenye nyumba ni mjane au ni Serikali. Lisipotengenezwa, linavuja.

Tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba fedha pasipo sharti inakwenda kwa tajiri, na sharti pasipo fedha linaoza pamoja na nyumba. Viwili hivi vifungwe pamoja kama ng'ombe wawili katika nira moja.

HESABU YA KARANI

Mimi si mwanasiasa wa kupiga kelele tu. Nimezoea vitabu vya hesabu. Basi tupige hesabu, iwe mfano tu, kila mtu abadili namba kwa nyumba yake.

Nyumba ina vyumba vinne. Kila chumba kodi yake ni dola 40 kwa mwezi. Kwa mwezi ni dola 160. Mwenye nyumba anakula katika hizo, anasomesha wajukuu, analipa ushuru, anazika wafu wake. Kazi ya paa, choo na mfereji tuseme ni dola 2,880. Akienda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita Banki Lambert, riba itamla nyumba yenyewe. Akienda benki ya kweli, ataulizwa hati ambayo hana. Basi anabaki na njia moja: apandishe kodi toka 40 hata 60. Vyumba vinne vitampa dola 80 za nyongeza kila mwezi, na baada ya miezi 36 atakuwa amepata dola 2,880. Paa litakuwa limelipwa. Na nani? Na mpangaji, peke yake. Na baada ya miezi 36 je, kodi itashuka? Hasha! Sijaona bado kodi iliyoshuka.

Sasa tuweke fedha ya shaba. Mfuko wa komini utoe nusu, dola 1,440, iwe ruzuku. Nusu ya pili, dola 1,440, iwe mkopo usio na riba wa miezi 36. Kila mwezi mwenye nyumba anarudisha dola 40. Ndiyo kodi ya chumba kimoja kati ya vinne. Kodi haipandi. Mpangaji anakaa. Mjane analala chini ya bati lisilovuja. Na zile dola 40 zinarudi mfukoni kila mwezi kwenda kuezeka nyumba ya jirani. Ruzuku ya nusu ndiyo bei ambayo wananchi wananunulia jambo moja: kodi isiyopanda. Wasiponunua jambo hilo, wasitoe hata franka.

MASHARTI NI HAYA

Sharti la kwanza. Fedha iwe ya mwenye nyumba mdogo, anayeishi katika parsele ile au katika mji huu. Yule bwana mwenye parsele kumi, anayekaa mbali na kupangishia wageni wa makampuni, huyo ana uwezo wa kununua bati lake mwenyewe.

Sharti la pili. Kodi ifungwe kwa miaka mitano tangu siku kazi ilipomalizika. Mwenye kuipandisha kinyume cha mapatano arudishe ruzuku yote.

Sharti la tatu. Mpangaji aliyekuwamo kabla ya kazi arudi baada ya kazi. Asihamishwe kwa kisingizio cha matengenezo. Jina lake liandikwe katika karatasi siku ile ile fedha inapotolewa.

Sharti la nne. Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji imekwisha kuweka mpaka wa garanti ya nyumba ya kukaa: isizidi miezi mitatu. Sheria hiyo iko, lakini imelala kama mlinzi mlevi. Mwenye nyumba anayetaka fedha ya komini aishike kwanza sheria ya nchi.

Sharti la tano. Fedha isipewe mtu mkononi yote mara moja. Ilipwe kwa vipande: bati likifika, linalipwa, choo kikichimbwa, kinalipwa. Na orodha ya waliopokea, na kiasi walichopokea, ibandikwe mlangoni pa komini, herufi kubwa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Nchi yetu imepoteza fedha nyingi kwa kukosa misumari minne ya kubandikia karatasi.

«ARDHI HII ITALIWA NA SHIMO»

Wako wengine, wenye busara ya huzuni, wanasema: «Karani, waezeka nini? Kesho kampuni itataka ardhi hii, na nyumba zote zitabomolewa.»

Siwacheki. Tumeona. Mwezi wa Septemba 2023 shirika la Amnesty International pamoja na wenzetu wa IBGDH wa hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa kupanuliwa kwa migodi, na mtaa wa Cité Gécamines ulitajwa humo. Watu walitoka katika nyumba za matofali, wengine wakaangukia pembeni mwa mji, mahali pasipo maji ya bomba wala umeme wa kutegemewa.

Lakini fikirini vizuri. Siku mpimaji wa kampuni anapokuja na kitabu chake, anaandika nini? Anaandika anachokiona na anachoonyeshwa kwa karatasi. Nyumba iliyooza inahesabiwa kama nyumba iliyooza. Mpangaji asiye na mkataba hahesabiwi kabisa: yeye ni kama kuku wa jirani, anafukuzwa tu. Basi nyumba iliyotengenezwa kwa fedha ya komini, yenye mkataba ulioandikwa na majina ya wapangaji, ni nyumba yenye mashahidi. Mwenye nyumba atasema: thamani yake hii hapa. Mpangaji atasema: jina langu hili hapa. Na komini itasema: nusu ya bati hili ni letu, msiliguse kabla hatujazungumza. Shimo linapokaribia, ndipo karatasi inapokuwa na kazi zaidi.

Na kwa wale wanaosema tungoje Serikali ijenge mitaa mipya, nasema: na ijenge, nani anakataa? Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2024, inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, kwa ajili ya kujenga nyumba. Lakini nyumba mpya humfikia kwanza mwenye mshahara ulioandikwa. Mchimbaji wa mkono hana karatasi ya mshahara. Mama muuza mboga hana. Hao ndio wanaolala katika vyumba vya Musonoi usiku huu, na mvua haitangoja ramani za wahandisi.

NENO KWETU SISI MAKARANI

Kabla ya kumaliza, nisijifiche nyuma ya wajane. Mimi ni mtu wa mshahara. Nyumba ikipata bati jipya bila masharti, ni nani atakayekuja kwa mwenye nyumba na dola 60 mkononi, avae shati safi, amtoe mchimbaji na watoto wake? Ni mimi. Ni mwenzangu wa ofisini. Mara nyingi mwenye kumfukuza maskini si tajiri mkubwa: ni yule aliyemzidi ngazi moja. Kwa hiyo masharti haya yanatufunga na sisi. Karani asiyetaka kufungwa nayo asilie juu ya sufuria zake.

TUFANYE NINI

Hatuombi sadaka. Twadai kilicho chetu kwa sheria. Basi kila mpangaji adai stakabadhi ya kodi kuanzia mwezi huu, hata kama ni kipande cha daftari chenye sahihi. Kila mwenye nyumba mdogo atafute karatasi zake, azitoe sandukuni kabla panya hawajazila. Wapangaji na wenye nyumba wa parsele moja wakae chini pamoja, waandike nyumba yao ina hitaji gani: mabati mangapi, choo cha namna gani, mfereji mita ngapi. Orodha hizo zikusanywe mtaa kwa mtaa. Halafu twende kwa burgumesta, mchana, kwa heshima, tukiwa wengi, tumwulize maneno mawili. La kwanza: ile asilimia 15 ya komini, mwaka jana ilikuwa kiasi gani, na imekwenda wapi? La pili: mwaka ujao, ni kiasi gani kitaandikwa kwa ajili ya nyumba za wapangaji?

Wataka kututenganisha, mwenye nyumba huku na mpangaji kule, kila mmoja akimlaumu mwenzake usiku kucha juu ya paa moja. Tukigombana sisi, hakuna atakayeulizwa habari ya shaba. Tukikaa pamoja, swali litapanda ngazi mpaka lifike panapostahili.

Mama mwenye nyumba yangu aliniambia nichague. Sasa nimechagua. Sichagui kodi kupanda wala paa kuvuja. Nachagua kwenda naye komini. Amekwisha kunionyesha hati ya mumewe, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha nyimbo. Nimemwandikia orodha kwa mkono wangu: mabati ishirini na manne, mbao kumi, saruji mifuko minane.

Wewe msomaji, orodha ya nyumba yako iko wapi?

Ni mimi,
Karani wa mgodi, Musonoi